Supu Isiyopungukiwa Kitu

Ndugu zangu, nawaletea habari za mtu mmoja aliyefiwa na mkewe, kisha akapewa kile alichoomba.

Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa maneno machache. Binti yao pekee alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo walibaki wawili nyumbani, yeye na mama yule aliyefuga bata mzinga nyuma ya jiko. Kila Krismasi alichinja mmoja. Watu walikuja, wakala, wakashiba, wakaaga. Kesho yake, wakati nyumba nyingine zinapasha pilau ya jana, yeye alikusanya mifupa na vipande vya nyama vilivyobaki kwenye sinia akapika supu ya tambi. Na tambi zenyewe hakununua. Alikanda unga wa ngano kwa mayai na chumvi kidogo, akausukuma kama chapati, akaukunja, akaukata vipande vyembamba kama kamba za viatu, akavianika kwenye ungo mpaka vikauke kidogo. Mumewe aliisubiri supu ile mwaka mzima. Nikisema aliisubiri kuliko Krismasi yenyewe, msinishtaki kwa wazee wa kanisa.

Mama yule akafa, wakati wa masika. Tulizika kwenye matope.

Siku ya kuanua matanga, mwenyekiti wa jumuiya akamwendea mfiwa, akamwambia, "Baba Aikande, tukusaidie nini? Usituonee haya. Sisi ni ndugu zako."

Swali hilo mnalijua. Nani hapa hajaliuliza? Na mara nyingi tunaliuliza huku tumeshaanza kutafuta viatu vyetu mlangoni.

Yule mzee aliona watu wanamsubiri. Akasema, "Laiti ningeipata ile supu yake ya tambi."

Neno lilimtoka tu, la kuwaridhisha wageni. Lakini jumuiya waliondoka nalo wakifurahi, maana sasa walikuwa na kazi ya kufanya. Naye mwenyewe, walipokwisha kuondoka, alilirudia moyoni, na kadiri alivyolirudia ndivyo lilivyozidi kuwa kweli. Akaanza kuamini kwamba ladha ile ikirudi kinywani mwake, kitu fulani cha mkewe kitarudi nayo. Kitu gani? Hakuweza kusema. Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu alikuwa msomi na alijua jambo hilo likitamkwa litaonekanaje. Lakini alilishika.

Akina mama wakaanza kuleta sufuria. Mwenyekiti alileta ya kwanza, ya kuku. Mzee akaonja, akashukuru, akaweka kijiko.

"Imepungua nini?"

"Sijui, mama. Labda pilipili manga."

Wiki iliyofuata pilipili manga ikawemo, tele. Akaonja. "Nadhani ni tambi."

Mama mmoja mcheshi, Mama Kanaeli, akashika kiuno. "Si nilisema mimi? Mtu analilia tambi za mkono, ninyi mnamletea za pakiti! Lakini mtaziweza wapi, watu ambao hata chapati zenu zina pembe?"

"Na wewe ambaye chapati zako tunawekea mlango usifungwe na upepo?" wakamjibu, wakacheka, na mzee akatabasamu kwa adabu.

Wakaleta za mkono. Zikaonekana nene. Wakaleta nyembamba, zikayeyuka. Mara tangawizi ilizidi, mara kitunguu kilikuwa kichanga. Mzee alikuwa anakonda. Mkanda wake wa suruali aliutoboa tundu jipya kwa msumari. Na ajabu yake ni hii: kila siku aliyoonja akasema "siyo hii," usiku wake alipata usingizi. Bado kulikuwa na kitu cha kutafutwa.

Ikafika Krismasi. Wakachinja bata mzinga dume, wa mwisho aliyeachwa na marehemu. Siku hiyo alikuja pia mdogo wa marehemu, kutoka safari ndefu, na kesho yake asubuhi akamkuta shemeji yake amesimama jikoni anaitazama mifupa kwenye sinia.

"Shemeji, kaa hapa," akamwambia. "Leo tunapika wote."

Kitu cha kwanza alichofanya, aliichoma mifupa kwenye makaa mpaka ikawa na rangi. Kisha akatia kitunguu kwenye makaa hayohayo, na maganda yake, kikaungua nje kikawa cheusi. Akavitumbukiza vyote kwenye sufuria ya maji pamoja na karoti, akakaa anaengua povu.

"Hilo la kitunguu dada yako alilitoa wapi?" akauliza mzee.

"Kwa mama yetu. Kwani hukuwahi kumwona akipika?"

"Nilikuwa sebuleni."

"Eti sebuleni! Ulidhani supu inashuka kama mvua?" Akamsukumia bakuli la unga. "Haya, kanda."

Mzee akakanda. Akasukuma, akakunja, akashika kisu akakata. Akina mama wa jumuiya walikuwa wameshafika, wamejaa mlangoni, na Mama Kanaeli akachungulia ungo akasema, "Mpima ardhi gani huyu? Mbona mipaka yote imepinda?"

Mzee akacheka. Ndugu, alicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka mwenyekiti akamfinya jirani yake kama kusema, unaona? Tumefika.

Supu ilipoiva, mifupa ikatolewa, nyama ikachambuliwa ikarudishwa, tambi zikatiwa zikachemka kidogo tu. Wakampakulia. Akaketi. Watu wakasogea karibu.

Akaonja.

Alijua kabla hajameza. Haikuwa inafanana na ya mkewe, ilikuwa ndiyo hiyo. Moshi kidogo wa kile kitunguu. Mchuzi mwepesi, ulioshikwa na unga wa tambi. Nyama nyeusi ya paja, laini, inayoachana yenyewe. Akachukua kijiko cha pili ili asijidanganye.

"Vipi, Baba Aikande?"

"Ndiyo yenyewe."

"Imepungua nini?"

"Haikupungukiwa kitu."

Vigelegele! Mama Kanaeli alinyakua mwiko akacheza nao uwanjani. Shemeji akaonja naye, machozi yakamtoka, akasema, "Ni ya dada. Kabisa, ni ya dada." Wakakumbatiana. Mwenyekiti akasema tuimbe wimbo wa shukrani, na wimbo ukaanza.

Mzee alikuwa bado ameketi, amefumba kinywa, anangoja. Alingoja kama mtu aliyemwita mwenzake aliye uani, akijua ataitika. Ladha ilienea kinywani, ikakaa, ikapungua, ikaisha. Hakuna aliyeitika. Supu ilikuwa supu.

Akaweka kijiko kando ya bakuli, akangoja wimbo uishe. Kisha akasema, taratibu, wala hakuwa na hasira:

"Mama Mwenyekiti, miezi yote hii nilichokosa kilikuwa kwenye sufuria. Leo sufuria haina kosa. Kesho mtanitafutia nini?"

Mama Kanaeli alisimama na mwiko wake. Mmoja akakumbuka mbuzi hajafungwa, mwingine akakumbuka mgeni nyumbani, wakaondoka. Mzee akamaliza bakuli lote, kwa heshima ya shemeji yake, akaliosha. Usiku ule hakulala, na uliofuata pia.

Ndugu zangu, nawaona mnaningojea. Mnangoja niseme kwamba asubuhi moja aliamka amefarijika. Hakufarijika. Mnataka nidanganye madhabahuni?

Sasa sikilizeni. Katika mfano huu sisi si yule mzee. Ingawa wengine wetu tumekuwa yeye, na wengine tutakuwa. Leo sisi ni wale waliojaa mlangoni. Je, walikuwa wabaya? Hapana. Walitumia kuni zao na mayai yao, walitembea kwenye matope na sufuria za moto kichwani. Kosa lao ni moja, na ni kosa letu la kila msiba: walimtazama mtu aliyepotewa na mwenzake, wakamfanya kuwa mtu aliyepungukiwa na kitu. Kwa nini? Kwa sababu kilichopungua tunaweza kukileta. Tutaongeza chumvi. Tutamshauri aoe, ahame nyumba, ajishughulishe, asikilize kwaya. Na kikishindikana hiki tuna kingine. Tunashukuru hata kinaposhindikana, maana tunaondoka tukiwa na la kufanya kesho.

Na siku kila kitu kinapokuwa sawa, naye bado analia, tunakumbuka mbuzi.

Tumaini la ufufuo lipo. Nalihubiri kila Jumapili, na leo silifuti. Lakini ufufuo si kiungo cha kumalizia supu. Hatukupewa tuunyunyizie mtu ili anyamaze, sisi tupate kurudi nyumbani mapema. Tumepewa tuungoje, na kungoja ni kukaa na watu ambao hawajaona kitu, pengine mpaka nao wafe hawajaona kitu. Nani alituambia itakuwa rahisi?

Baada ya ibada hii tunashuka bondeni, kwenye nyumba ile iliyozika mtoto juzi. Pelekeni chakula kama kawaida. Wana njaa kama watu wote. Lakini ukifika, usimwulize yule mama kama kimemfaa. Usitafute sentensi ya kumfariji. Mimi mchungaji wenu sinayo, na nimeitafuta kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani. Na akikuambia kwamba hakuna kitakachomsaidia, usimbishie. Anasema kweli. Wewe kaa.