Jani la Kuitia Paa

Sogeeni, niwape ngano. Anayeogopa damu akalale.

Chengo alikuwa akijifunza kuita paa. Mjomba wake, Mwakio, alimwegemeza kwenye mti, upepo ukimpiga usoni, akampa jani la kupuliza.

"Lia kama mtoto wa paa, mama atakuja. Mara tatu tu, mpwa wangu. Ya nne huita zimwi."

Chengo akalia: kimya. Akalia tena: kichaka kikatikisika. Akalia tena: paa akachungulia. Mara akatokea Bwana Fumbwe, mkaguzi wa misitu ya Sultani, na paa akatimka.

"Nani kawaruhusu kulia msituni?" Akanyakua jani, akalipuliza ili alikague.

Zimwi likaja likidondosha udenda. "Nani kaniita?"

"Humu haiti mtu ila mimi!" Fumbwe akajibu kwa fahari ya cheo.

Zimwi likamnyofoa mikono, likamnyofoa miguu, likammeza na kilemba chake. Mwakio akarusha mkuki, naye akamezwa. Lilipomgeukia Chengo kinywa wazi, kijana akalitia mshale kooni. Likaanguka likivunja miti.

Chengo akalipasua tumbo kwa kisu. Mjomba akatoka mzima, ameloa damu. Akafuata Fumbwe, viungo vyote vimemrudia.

"Kijana," akafoka, "nani kakuruhusu kupasua zimwi la Sultani?"

Chengo akamtazama mjomba wake. Mjomba akachomoa sindano ya kushonea ngozi. Wakamsukumia Fumbwe ndani, mmoja akashika, mmoja akashona.

Na ngano nimeishona hapo. Atakayeifumua, Fumbwe ni wake.