Adhana Iliyotangulia Jua

Wametuachia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kisa cha Mzee Mbwarahaji bin Shee, muadhini wa mji wa Mirimbani, wala hawakuacha kukitaja kwa tarehe yake: Jumamosi, mwezi kumi na tisa wa Ramadhani, mwaka 1102 wa Hijria.

Msikiti wa mji huo ulikuwa moyo wake. Maskini alifuturu uani pake pamoja na tajiri, mgeni alilala barazani asiulizwe atokako, na wagombanao walipatanishwa kando ya birika la kutawadhia. Mji mzima ulikula, ukaswali na ukafunga maduka kwa sauti ya Mzee Mbwarahaji, aliyeurithi uadhini kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake.

Lakini sauti hiyo ilikuwa imekwaruza kwa uzee. Bwana Kupi, tajiri aliyeupaka msikiti chokaa kila mwaka, alitamani kazi hiyo apewe mpwa wake Hamadi, kijana mwenye sauti ya kuliza watu. Wazee walimkatalia. "Mbwarahaji hajapata kukosea wakati," walisema. Naye akajibu, "Basi siku atakayokosea, tutazungumza tena."

Jumamosi hiyo mawingu yalitanda tangu alasiri. Ilikuwa desturi ya waadhini wa Mirimbani, jua lisipoonekana, kuwatazama kuku wa Bi Mwanate, jirani wa msikiti: wakishaingia bandani, huwa Magharibi imeingia. Mzee Mbwarahaji, akiwa juu ya paa la msikiti, aliwaona wakiingia mmoja mmoja. Akaadhini. Chini, uani, watu wakasema Bismillahi, wakatia tende kinywani.

Alipogeuka ili ashuke, mawingu ya magharibi yakapasuka kidogo. Juu ya misitu ya bara, ukingo wa jua ukang'aa mwekundu, kisha ukafunikwa tena. Giza la mvua lilikuwa limewadanganya kuku, na kuku wakamdanganya yeye. Tende yake ilikuwa ingali kiganjani, kwani hakuwa na mazoea ya kufuturu kabla ya kushuka.

Huko chini kuta ndefu ziliwazuia watu kuona upeo. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na Mola wake.

Safu zilikwisha kupangwa. Imamu Mwinyikai akatawadha, akasimama mihrabuni, akasema, "Kimu sala, Mzee wangu, tuanze kuswali."

Mzee Mbwarahaji alisimama mlangoni, kiganja amekifumba.

"Kimu, Mzee Mbwarahaji. Watu wanangoja."

"Siwezi, Imamu. Jua halijazama. Nimeliona kwa macho yangu baada ya kuadhini."

Msikiti ukavuma. Mmoja akatema kokwa ya tende kiganjani, akaitazama kama asiyejua aipeleke wapi.

"Yupo mwingine aliyeliona?" aliuliza Imamu.

"Hayupo. Ni mimi peke yangu."

"Nawe umefuturu?"

Mzee alikifumbua kiganja, ikaonekana tende nzima.

Bwana Kupi akacheka kwa sauti. "Subhanallah! Kumbe mwaka huu tumefuturishwa na kuku! Mwambieni Bi Mwanate, jogoo wake naye aje aswalishe!" Wengi walicheka, na wasiocheka waliinamisha nyuso.

Imamu Mwinyikai akawatuliza. Akahukumu kwamba wajizuie hadi jua lizame, wailipe siku hiyo baada ya Idi, wala hawana dhambi, kwa kuwa walikula wakidhani kwamba wakati umeingia. "Na lau asingalisema," aliongeza, "tungaliiswali Magharibi kabla ya wakati wake."

Lakini Bwana Kupi aliwakumbusha wazee neno lake, akataka kazi apewe Hamadi. Mzee Mbwarahaji hakungoja waaibike. Alivua mshipi uliokuwa na ufunguo wa mlango wa paa, akamkabidhi Hamadi. "Panda, mwanangu. Usitazame kuku," alisema, kisha akaenda kukaa safu ya nyuma.

Kwa siku zilizofuata alikuja mapema kama alivyozoea, akateka maji ya birika, asimlalamikie mtu. Mkewe alipomwambia, "Ungenyamaza tu, Baba Shee, nani angejua?" alimjibu, "Wale watu hunikabidhi njaa yao kila jioni, mama. Ningewatazamaje?"

Jumatano, mwezi ishirini na tatu, mawingu yalitanda tena. Hamadi alipanda, akangoja, kisha akaadhini kwa sauti iliyowasisimua hata waliokuwa njiani. Uani sinia za futari zilikuwa wazi na tende zi mikononi.

Hakuna aliyekula.

Macho yote yalielekea kwenye birika, alikokaa Mzee Mbwarahaji. Bwana Kupi mwenyewe alikuwa ameinua tende hadi karibu na mdomo, na hapo mkono ukasita. Akaushusha. "Mzee Mbwarahaji," alisema polepole, "hebu tutazamie."

Mzee akainuka, akapanda ngazi kwa kushikilia ukuta, akasimama bega kwa bega na Hamadi, akautazama upeo hadi mawingu yakapasuka kidogo, na jua halikuwapo. Kisha akainama ukingoni mwa paa: "Kijana amesema kweli. Kuleni, Mungu awatakabalie."

Wakala. Mzee aliposhuka, Bwana Kupi alimpokea mlangoni na tende yake ile ile, aliyokuwa hajaionja. "Anza wewe, Mzee wangu. Na kesho urudi juu."

"Nitarudi pamoja na Hamadi," alijibu. "Ana sauti, nami nina macho bado."

Msomaji mwema, watu wa Mirimbani walikuwa na msikiti mweupe wa chokaa na muadhini mwenye sauti tamu, na bado walikaa na njaa yao mkononi hadi aliposema mtu waliyemwona akikiri kosa ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Mola atujaalie misikiti yetu isipungukiwe na watu wa namna hiyo. Amin.