Kokwa ya Mkwe

Nguo ya mwilini ikidondoka, kila mtu anajua la kufanya: huinama upesi akajisitiri. Lakini iko nguo nyingine isiyofumwa kwa uzi, nayo ni heshima. Hiyo ikidondoka mbele za watu, wengi hubaki wima wakibishana, wakitafuta wa kumvika aibu yao. Mama Apolonia wa Nyololo alilijua hilo tangu utoto. Siku ya kupimwa nalo ilimkuta mjane, mvi zimemjaa kichwani.

Mwanawe Philbert, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi kule Mgololo, alimpenda Minza, binti wa mzee Masanja, mfugaji na mkulima wa mpunga wa Madibira. Binti alikwisha kukubali. Aliyesita ni baba. Masikio yake yalikuwa yamejazwa maneno kwamba watu wa milimani kama hao wa Nyololo wana majivuno, na kwamba kwao kila kosa humwangukia aliyekuja kuolewa. Akatuma neno: "Nitakuja kula kwenu kwanza. Nikiona mwanangu anakwenda kuwa jalala la lawama, Minza habanduki Madibira."

Philbert, akitaka kuwaenzi wageni, akaja na chupa ya zeituni kutoka Iringa mjini, ameikumbatia kama mayai.

"Kumbe ndizo hizi!" Apolonia akashangaa. "Bwana wetu alisali kwenye mlima wa miti yake." Akatia moja kinywani kwa unyenyekevu, mara uso ukamkunjamana. "Uwii, chumvi!" Kisha meno yakagonga kitu kigumu. Akakitemea kiganjani, akakitazama kwa muda.

"Philbert baba, mkwe wangu ataitemea wapi kokwa hii?"

"Pembeni ya sahani tu, mama."

"Mzee mzima ateme mate mezani kwa wakwe zake, nami nikimtazama? Hapana. Zitolewe zote."

Asubuhi ya ugeni, Apolonia na mdogo wake Matilda wakaketi jikoni na kibao cha kukatia. Waliikandamiza kila zeituni kwa kitako cha kikombe hadi ikapasuka, kisha wakaisukuma kokwa nje kwa kidole gumba. Vidole vikateleza kama vimepakwa bamia.

"Dada, Mungu aliiweka mbegu humo kwa maana yake," Matilda akamchokoza. "Wewe ndiye unamsahihisha?"

"Niache mie. Mungu hajawahi kupokea mkwe!"

Wakacheka wote, kisha Apolonia akafanya ishara ya msalaba haraka haraka, kuomba radhi. Mara simu ya Matilda ikalia. Akaibana kwa bega, akawa anakandamiza huku anapiga soga, macho yakiwa dirishani.

"Za kwako umezikagua?" dada akauliza.

"Nimezikagua, dada. Unaniona mtoto?" Akazimimina kwenye wali.

Wageni wakafika: Masanja na kaka yake Nyanda, mtu mwenye ulimi kama wembe. Sala ikasaliwa, vyakula vikafunuliwa. Apolonia, furaha imempanda kichwani, akasema kwa sauti, "Karibuni wakwe! Kuleni bila wasiwasi, hazina kokwa hata moja. Nimezitoa kwa mikono yangu mwenyewe!"

Hata kijiko cha tatu hakijafika, kah! Masanja akaacha kutafuna. Akashika shavu, machozi yakimlenga, kitu kimekaa kinywani wala hana pa kukiweka. Kumeza hawezi, kutema ni aibu.

Nyanda akaangua kicheko. "Si umeambiwa hazina kokwa? Basi hilo ni jino lako, mdogo wangu. Litafune!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Apolonia alihisi amesimama uchi katikati ya sebule yake. Jina la Matilda likamfika kwenye ncha ya ulimi. Naye Matilda alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta uzi wa kitenge chake.

"Ni mama mdogo huyu," Philbert akaanza, "alikuwa kwenye si..."

"Nyamaza, Philbert. Aliyewakaribisha ni mimi."

Akaondoka kitini, akaenda kuchutama mbele ya Masanja, akakinga viganja vyote viwili chini ya kidevu chake. "Nimekosa, baba. Nilijisifu wageni hamjashiba. Tema hapa."

Mzee akasita. Akamwangalia kaka yake, akaiangalia mikono ile iliyochakazwa na jembe, ikimngoja bila kutetemeka. Akainama, akatema. Apolonia akaifumba kokwa kiganjani, akainuka taratibu kama aliyepokea sadaka.

"Umeona, kaka?" Masanja akauliza.

"Nimeona," Nyanda akajibu, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Nilikuja kutazama jambo moja tu: kosa likitokea nyumba hii, linabebeshwa nani." Akamgeukia mwenyeji wake, akamwita kwa lugha ya kwao kama mtu anavyomwita mama. "Mayu, mkono usiochukia mate yangu hautamtupa mwanangu. Minza ni wenu. Sasa niongezee wali, ila nitatafunia upande huu mwingine."

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Jikoni, Matilda akamshika dada yake mkono, machozi yanamtiririka. "Dada, kokwa ile ilikuwa yangu."

"Najua. Kasugue masufuria."

Kama Apolonia angebaki amesimama akijitetea, angeokoa jina lake na kumpoteza mkwe. Hakika, muungwana akivuliwa nguo huchutama.