Mkono wa Kabula na Makombe ya Konokono

Paukwa!
Pakawa!
Yai?
La kuku.
Na kuku?
Wa nani?
Tulieni, niwaambie.

Hapo zamani za kale, mwezi wa pili baada ya mtama kupandwa, mayai tisa yalipasuka kiotani asubuhi moja. Pwa! Pwa! Pwa! Gamba lilikuwa laini kama ngozi ya nyanya. Machache yaliyosalia yakaanguliwa, lakini vifaranga walikuwa na vidole vilivyokunjamana. Hawakusimama. Wakafa.

Aliyelaumiwa ni Kabula, bibi harusi. Katika kijiji kile, bibi harusi akifika hutia mkono kiotani ili kuku wazaane. Kabula alitia. Kuku wakaharibika.

“Mkono huo una kijicho,” alisema Ngolo, mama mkwe wake. “Mtama ukivunwa, urudi kwenu.”

Nani kwao angempokea Kabula na sifa hiyo?

Palikuwa na kikongwe, Bibi Nyamizi, aliyefuga kuku tangu meno yake yote yakiwa kinywani. Alikuja, akachutama mbele ya banda, akatazama. Habari za mkono hakuziuliza.

“Ngolo, kuku hawa umewafungia tangu lini?”

“Tangu tupande mtama. Wangefukua mbegu.”

“Na bibi harusi aliingia lini?”

“Siku hiyohiyo.”

“Wanakula nini?”

“Pumba. Tena tele! Tazama walivyonona.”

“Hata mimi, mwanangu, ukinilisha ugali mtupu nitanona. Ila usinitume shambani.”

Kabula alitaka kucheka. Akajizuia.

Bibi Nyamizi akawagawa kuku, majike watatu huku, watatu kule, kila upande na jogoo wake. Wote walipewa pumba. Lakini wa huku waliongezewa mchicha, mchwa, na makombe ya konokono yaliyopondwa. Kabula aliyaponda mwenyewe kwa jiwe. Ta! Ta! Ta!

“Na kila asubuhi,” kikongwe akamwambia, “tia mkono huku, tia na kule. Wewe Ngolo, utazame.”

Kabula alitia huku. Akatia kule. Ngolo akatazama. Ta! Ta! Ta! Wiki ya kwanza. Ta! Ta! Ta! Wiki ya tatu. Ngolo akaligonga yai la huku kwa ukucha. Ko!

“Bahati tu,” akasema.

Kuku wakaatamia. Siku ishirini na moja.

Kule walitoka vifaranga watatu, vidole vimekunjwa kama ngumi. Huku, katika mayai kumi na mawili, walitoka kumi na mmoja. Wi! Wi! Wi! Wakasimama. Wakakimbia. Mmoja akamkanyaga Ngolo mguuni.

Ngolo akamwokota. Akamtazama vidole, kimoja kimoja. Vilikuwa vimenyooka.

“Mkono ni uleule,” alisema Bibi Nyamizi. “Kifaranga huanza kula kabla hajaanguliwa. Hula alichokula mama yake.”

Ngolo akamgeukia Kabula.

“Mkwe wangu, nipe hilo jiwe. Nami niponde.”

Vijiji vya jirani vikaja kuomba mbegu ya kuku wale. Watu wa kijiji kile wakatamba: “Sisi ni wa Nyamizi!” Na wana haki ya kutamba.

Basi, wenzangu, kabla hamjamwita mgeni mchawi, chungulieni kwanza chombo anacholia kuku.

Mtama ulivunwa. Kabula hakurudi kwao. Tangu mwaka ule, bibi harusi wa kijiji kile hatii mkono kiotani. Huingia na makombe yaliyopondwa kiganjani, akawatupia kuku.

Hadithi yangu imetaga hapo. Mwenye kuatamia, na aatamie.