Shauri la Mheshimiwa Kuwashwa Mahali Asipofikia

Shauri lenyewe liliitwa rasmi "Shauri la Kuwashwa kwa Mheshimiwa Simba, Mgongoni, Upande wa Juu, Mahali Ambapo Ukucha Wake Haufiki." Karani Korongo alilisoma jina hilo lote mbele ya baraza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na kabla hajafika mwisho ikabidi abadilishe mguu.

Hayo, watoto, yalitokea hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, nyumba zikawa na milango, na hakuna aliyeingia kwa mwenzake bila kupiga hodi. Ukipiga hodi, mwenyeji anasema karibu. Akishasema karibu, basi, wewe ni mgeni wake, na mgeni hafukuzwi mpaka aage mwenyewe. Hata Simba hakuthubutu kuivunja desturi hiyo. Nyegere alikwenda kumsalimu Nungunungu asubuhi moja, hakuaga, na wajukuu zake wakazaliwa humo humo.

"Anayemwasha Mheshimiwa ni Kiroboto," akasema Korongo. "Aliingia manyoyani bila hodi. Hilo ni kosa. Leo asubuhi Mheshimiwa alipojisugua kwenye nguzo, mtuhumiwa aliruka akatoroka. Atakayemleta hapa atapewa kibaraza cha Mheshimiwa, akae na familia yake masika hii na zote zijazo."

Mbwa akasimamisha masikio. Kibaraza! Kilikuwa na paa. Kilikuwa na mkeka. Yeye, mkewe na watoto walilala chini ya mkokoteni uliovunjika, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Masika iliyopita kitinda mimba wake alikohoa toka mvua ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Mimi nitamleta, Mheshimiwa!"

"Una sifa gani?" aliuliza Simba, huku bado akijisugua kwenye nguzo, kwaru! kwaru! vumbi la dari likimwangukia Korongo.

"Nina pua."

"Ni kweli, ana pua," akathibitisha Korongo.

Hapo hapo Mbwa akawa Mpekuzi Mkuu, akafungwa mkanda mwekundu kiunoni, akatoka akitembea kama mtu ambaye hajawahi kulala chini ya mkokoteni.

Alianzia kwa Bi Mbuzi.

"Hodi!"

"Karibu, Afande."

Mbwa akafunua vyungu. Akanusa unga mpaka akapiga chafya, chya! Akaingia uvunguni, akatoka. Kisha akaanza kumpekua Bi Mbuzi ndevu.

"Afande! Hata ndevu zangu?"

"Sheria haina ndevu, mama."

"Haya. Na wewe nani amekupekua?"

"Mpekuzi hapekuliwi," akasema Mbwa, akajipigapiga mkanda.

Akapekua nyumba baada ya nyumba, akaacha vyungu vimepinduka kila alikopita. Jua lilipoanza kupoa, akiwa amekata tamaa na ulimi umemning'inia, akamkuta Kiroboto njiani, juu ya gunzi la mahindi, amekaa amekunja nne.

"Upo chini ya ulinzi!" akabweka Mbwa.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Upo chini ya ulinzi!"

"Nimesikia. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila yule mdogo ana kifua. Nyamaza! Usinichanganye!"

Kiroboto akanyamaza. Lakini alikuwa ameona jambo. Mbwa huyu alikuwa mkali, alikuwa na mkanda, alikuwa na meno, lakini alikuwa amelelewa vizuri mno. Ukimsemesha vizuri, mdomo unajibu kabla kichwa hakijaulizwa.

Kiroboto akakohoa kidogo, akasema kwa upole, "Hodi!"

"Karibu!" akasema Mbwa.

Pwii! Kiroboto akaruka, akatua shingoni, akazama.

"Wewe! Toka!"

"Nitokeje na ndiyo kwanza nimekaribishwa?" sauti ikatoka manyoyani. "Ala, mbona pazuri hivi! Pana joto. Kwa Simba kulikuwa na upepo. Jikoni ni wapi? Aa, popote tu. Nimepaona."

"Mama yangu wee!" akalia Mbwa, maana jiko lilikuwa limeshafunguliwa. Akainua mguu ajikune.

"Unataka kumpiga mgeni teke, Afande?"

Mguu ukabaki hewani.

"Tena kwa nini unahuzunika?" akaendelea Kiroboto, safari hii yuko mgongoni. "Ulitumwa umlete Kiroboto. Si unaye? Nipeleke basi. Sikimbii."

Mbwa akatafakari. Akaligeuza neno lile huku na huku, asilione tundu. Akaenda mbio mpaka kwenye mkokoteni.

"Mke wangu, funga mizigo! Tunahamia kibarazani. Nimemkamata!"

Mkewe akatazama mbele yake, akatazama nyuma yake. "Mbona simwoni?"

"Yuko juu yangu."

"Mume wangu, aliyekamatwa huwa chini. Huyu yuko juu?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu."

Wakaongozana kwenda barazani: Mbwa na mkanda wake, mkewe na chungu kichwani, watoto nyuma wakiburuta kipande cha gunia, na yule mdogo akikohoa, kho! kho!

"Nimemleta, Mheshimiwa," akasema Mbwa.

"Yuko wapi?"

"Yumo."

"Yumo wapi?"

"Mwangu."

Baraza zima likarudi nyuma. Simba akapanda juu ya meza. Kisha kutoka nyuma ya sikio la Mbwa ikasikika sauti yenye adabu:

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," akasema Simba.

"Mheshimiwa, usijibu lingine!" akapiga kelele Korongo. Simba akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na toka hapo akawa anaongea kwa kupitia vidole.

"Ameingiaje huyo?"

"Alipiga hodi," akasema Mbwa, "nikasema karibu."

Korongo akafumba macho, akafikiri kisheria. "Ni mgeni, hivyo hawezi kutolewa. Ni mtuhumiwa, hivyo hawezi kuachiwa. Mahali ambapo mtuhumiwa anawekwa huitwaje?"

"Rumande!" akajibu Bi Mbuzi. Hakuna aliyemwuliza, lakini alikuwa na furaha.

"Basi Afande Mbwa ni rumande."

"Na rumande," akasema Simba kupitia vidole, "haiwezi kujengwa kibarazani kwangu. Iondolewe, ipelekwe mbali, nje ya ua."

"Mheshimiwa, uliahidi! Nimemleta! Kibaraza ni changu!"

"Nilimwahidi mpekuzi. Wewe sasa ni jengo, na jengo haliwezi kuhamia ndani ya jengo."

Wakamvua mkanda. Tone la kwanza la mvua likaanguka, ti! Likamwangukia Mbwa puani.

Mkewe akatua chungu chini. "Mheshimiwa, mimi si jengo. Hawa watoto si majengo. Huyu mdogo ana kifua. Utatufukuza kwa kosa gani?"

Simba akamtazama Korongo. Korongo akabadilisha mguu. "Familia haina kosa," akasema. "Familia ikae."

Mbwa akapumua. Hata kama atanyeshewa yeye, mtoto atalala pakavu. Watoto wakamkimbilia kumuaga, wakamkumbatia shingoni, yule mdogo akang'ang'ania sikio.

"Hodi," ikasema sauti ndogo.

"Msijibu!" akabweka Mbwa.

Lakini walikuwa watoto wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafunza adabu.

"Karibuuu!" wakaitikia wote kwa pamoja.

Pwii!

Basi Kiroboto akawa mgeni wao wote, nao wote wakawa rumande; wakatoka kwenye mvua, mzigo na gunia na chungu, na mke akatoka pia, kwa kuwa hakuwa tayari kukaa kibarazani peke yake na Simba anayeongea kupitia vidole. Kibaraza kikabaki kitupu masika yote, kikavu, na mkeka wake.

Mpaka leo ukimwona mbwa ameingiza mdomo manyoyani anajing'ata ubavu, nya nya nya nya, anageuka anajitafuna mkia, usiseme anajiuma. Kisheria, anapiga hodi. Anamwuliza mgeni ataaga lini. Inambidi aweke mdomo karibu, maana mgeni ni mdogo na anajifanya hasikii vizuri.

"Unaaga lini?" anauliza Mbwa kwenye ubavu.

"Nani mwenzangu?" anajibu Kiroboto kutoka mkiani.

Fundisho lake ni kwamba anayetumwa kupekua nyumba za watu aanze na ngozi yake mwenyewe.

Hivyo ndivyo shauri lilivyofungwa rasmi. Kilichotokea hasa ni kwamba kiroboto alimrukia mbwa, na mbwa anawashwa.