Chusa Kisichokosa

Mpo? Haya, tulieni niwape ya Bwanaheri, mwinda nguva, wale wanyama wakubwa wa baharini wanaonyonyesha watoto wao kifuani kama watu.

Matajiri wa mjini walitaka mafuta na ngozi za nguva. Jini mmoja akampa Bwanaheri chusa, mkuki wa baharini usiokosa shabaha. "Lakini ukikiinua," akamwambia, "lazima kichome kitu."

Mwaka wa kwanza aliua pale pale karibu na kwao. Mwaka wa pili aliwafuata mbali, akaua mpaka mabega yakamuuma. Mkewe akamwuliza, "Baba Esha, bado tu?"

"Matajiri hawajatosheka, mke wangu."

Mwaka wa tatu alizunguka miezi mitatu, akamkuta mmoja tu, na mtoto ananyonya. Akainua chusa. Nguva hakukimbia.

"Bwanaheri," akasema, "nimechoka kukukimbia."

Bwanaheri akamjibu, "Hata mimi nimechoka, dada."

Lakini chusa kilikwisha kuinuliwa, kinamvuta mkono. Akakigeuza kwa nguvu zake zote, akauchoma mtumbwi wake mwenyewe. Ukapasuka, ukazama nacho. Akaogelea hadi nchi kavu.

Matajiri walipokuja akawaambia, "Wamekwisha," wakaenda visiwa vingine.

Kila asubuhi Bwanaheri alikwenda kuwatazama wale wawili wakila majani ya bahari, akingoja waongezeke. Mtoto akakua, akaonekana ni jike kama mamaye. Siku hiyo Bwanaheri aliketi mchangani akalia, maana madume wote aliwaua yeye.

Yangu imeishia hapo. Mwenye ya kuchekesha, na aitoe yeye.