Mbegu Nyeusi za Bibi Lubaba

Inasimuliwa kwamba katika kijiji kimoja cha milimani huko Yemen, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi ajuza mcha Mungu aitwaye Lubaba. Alikuwa akiwatibu watu kwa dawa za nyumbani: asali kwa walioungua, uwatu kwa waliojifungua, habasoda kwa wenye kifua. Hakumtoza mtu chochote, na kila alipotoa dawa alisema, "Mponyaji ni Allah."

Siku moja baada ya Adhuhuri alimpa jirani yake Arwa dawa ya bintiye aliyeshikwa na kikohozi. Arwa alipokwisha kuondoka, Lubaba akaanza kupanga vibuyu vyake, na moyo ukamlipuka. Kibuyu cha habasoda kilikuwa kimejaa vilevile. Alizochota zilikuwa mbegu za mnanaha, nyeusi kama habasoda, ambazo huchuliwa viungo tu, na anayezinywa huweza kufa.

Akatwaa kibuyu cha habasoda, akatoka mbio kwa kadiri miguu yake ilivyomruhusu. Njiani nafsi ikamshawishi: "Sema dawa ile imepoteza nguvu, umeleta nyingine. Mtoto atasalimika, na heshima yako itasitirika." Alifika mlangoni neno hilo likiwa ulimini. Kisha akamwogopa Mola wake.

"Binti yangu," akasema, "nimekupa sumu. Macho yangu yamefifia, nami nimekuwa nikiwaficha watu."

Arwa akajibu, "Mwanangu hajainywa, amelala. Lakini nusu nimempa mama mkwe, naye pia anakohoa."

Wakakimbilia jiko la uani. Wakamkuta mama mkwe ameketi, kikombe mkononi, akikipuliza.

"Mbona mwanijia hivyo?" akauliza. "Ya moto hii, ningali naipoza."

Arwa akakitwaa kikombe, akamwaga. Lubaba akasujudu palepale penye majivu, akilia kwa shukurani. Alipoinuka alisema hatatibu tena. Arwa akamfuta majivu usoni kwa ncha ya ushungi wake.

"Mkono wako una baraka, Bibi. Macho yatakuwa yangu."

Tangu siku hiyo Lubaba hakuchota dawa ila Arwa yupo kando yake.

Ndugu zangu, uongo ule ungemwokoa mtoto na kumwua bibi yake. Lubaba hakujua kwamba yuko mtu wa pili. Mola wake alijua. Mja akisema kweli, hata asiyoyajua hutengenezewa.